Vitu vyote viko wazi, sasa siri inatoka wapi? Maswali tunayoulizwaka Goma juu ya upelelezi wa vyanzo wazi

Sisi ni grupe ndogo hapa Goma, tunafundishana kuhakiki foto na video zinazopita kwenye telefone, na kila tukikaa na watu, iwe Himbi, iwe Ndosho, iwe kwenye chumba cha parokia, maswali yanarudiaka yale yale. Nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu juu njo yanatusumbua sana, mengine mistari miwili inatosha.

Hii OSINT yenye munasemaka kila saa ni nini?

Ni upelelezi wa vyanzo wazi, kwa Kiingereza open-source intelligence: unafanywa na vitu vyenye mtu yeyote anaweza kupata bila kuiba na bila kudanganya mtu. Redio, magazeti, matangazo ya Leta, Facebook, TikTok, karte, foto za satelite, hukumu za tribinali, daftari za makampuni, hata video ya harusi yenye bwana arusi aliweka mwenyewe. Ukishaingia kwenye konti ya mtu na neno lake la siri, ao ukalipa mfanyakazi akutolee karatasi kwenye biro ya mkubwa, hapo umeshatoka kwenye vyanzo wazi, umeingia kwenye kazi ingine na hatari zingine.

Na si kazi mpya. BBC ilianza kusikiliza redio za nchi zingine mwaka 1939, vita ikianza, na Wamarekani wakafungua servisi yao ya namna ile 1941, watu wanakaa usiku masikio kwenye redio, wanaandika, wanatafsiri, asubuhi wanapelekea wakubwa. Kilichobadilika ni kwamba leo kila mtu ni redio.

Kama nimeona foto ya mapigano kwenye WhatsApp nikaituma kwa wengine, na mimi nimefanya upelelezi?

Apana. Hapa kwetu mawe ya volkano yako kila pahali, mtoto anayakanyaga akienda shule, hakuna mwenye kuyaita nyumba. Fundi akiyachagua, akayachonga, akayapanga, njo unaona ukuta. Foto ni jiwe. Upelelezi ni ule ukuta: swali liliulizwa, vipande vikachunguzwa, vikaunganishwa, mtu akatoa jibu na akasema analiamini kiasi gani. Kumbuka huu mfano wa ukuta, nitaurudia chini kwenye mambo ya siri.

Mukipata foto munaanzaka wapi?

Tunaanzaka na swali, si na foto. "Hii foto inasema nini?" si swali la kazi. "Je, moto ulifika kwenye kartie hii usiku ule?" hilo ni swali, linaweza kujibiwa ndiyo ao apana.

Kisha tunatafuta kopi ya zamani kuliko zote. Chukua mfano wa Nyiragongo, volkano yetu, kila mtu wa Goma anaukumbuka. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi magaribi, mlima unapasuka, mbingu inakuwa nyekundu, watu wanakimbia na watoto mgongoni na godoro kichwani, na telefone zinajaa foto. Sasa mtu anakutumia foto ya moto ukiwa katikati ya mji, kwenye maduka. Unaitafuta kwa Google ao Yandex ao TinEye, programu zinazotafuta foto kwa foto, na ukiikuta imeshawekwa miaka mingi kabla ya 2021 umemaliza, hauna haja ya kubishana na mtu. Na hata usipoikuta, kichwa chako kinajua kitu: mwaka 2002, tarehe 17 Januari, ule moto ulipita kwenye uwanja wa ndege, ukakata katikati ya mji mpaka ziwani, lakini 2021 ulisimama pembeni ya mji upande wa kaskazini, haukufika kwenye maduka ya katikati. Kwa hiyo foto ile, hata iwe ya kweli, haiwezi kuwa ya 2021. Wazee waliokimbia mara zote mbili wanajua hii kuliko kompyuta, na tunawaulizaka wao kwanza.

Baadaye pahali. Tunatazama vitu vyenye mpiga foto hakufikiria: nguzo za umeme, rangi ya mabati, lugha kwenye kibao, udongo mwekundu ao mawe meusi, kama kuna chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ao hakuna, na zaidi ya yote mstari wa milima nyuma. Mlima hausemi uongo. Mwaka 2018 kulipita video ya askari wakiua wanawake wawili na watoto wawili, wengine wanasema ni Mali, wengine Cameroun, serikali ya Cameroun ikasema ni habari ya uongo. Watu wa BBC Africa Eye wakishirikiana na wachambuzi wengine walichukua mstari wa mlima unaoonekana sekunde chache tu kwenye ile video, wakaulinganisha na Google Earth, wakaupata karibu na kijiji cha Zelevet kaskazini kabisa mwa Cameroun. Halafu wakatumia nyumba zilizokuwa zimejengwa ao bado kwenye foto za satelite, na kivuli cha wale askari kama saa ya jua, wakafika kwenye tarehe kati ya 20 Machi na 5 Aprili 2015. Askari walikamatwa, na 2020 wanne wakahukumiwa miaka kumi. Nimeshaisimulia hii mara sijui ngapi kwenye mafunzo na kila mara chumba kinanyamaza, juu kila mtu anawaza milima yake.

Kuhusu kivuli: sisi tuko chini kidogo tu ya ikweta, karibu digri moja na nusu hadi mbili. Saa sita ya mchana jua liko karibu juu ya kichwa, kivuli ni kifupi sana. Kuanzia mwisho wa Machi mpaka Septemba jua la saa sita linakaa kaskazini, kivuli kinaangalia kusini, na kuanzia Oktoba mpaka mwanzo wa Machi inageuka. Mtu akikuambia video ni ya Desemba saa sita kamili, na kivuli kinaangalia kusini, kuna kitu hakiendi. Angalia na saa zenyewe: Goma, Bukavu na Lubumbashi tuko saa moja mbele ya Kinshasa na saa moja nyuma ya Kampala, na watu wengi wameshadanganyika hapo, wakafikiri video ilipigwa kabla ya tukio kumbe ni saa ya telefone tu.

Mwishoni, na hapa njo watu wanapatoroka, tunaandika majibu yote yanayowezekana, hata yale tusiyoyapenda, na kwa kila kipande tunauliza: hiki kinapinga jibu gani? Si "kinaunga mkono". Kipande kinachokubaliana na majibu yote hakikusaidii chochote. Njia hii iliandikwa vizuri na Richards Heuer, mtu aliyefanya kazi miaka mingi CIA, shirika la ujasusi la Marekani, na ninaipenda juu inakulazimisha kujipiga mwenyewe kabla adui hajakupiga.

Satelite si inaona kila kitu?

Haioni. Sentinel-2 ya Ulaya, yenye kila mtu anaweza kuitazama bure, alama moja kwenye foto yake ni metre kumi kwa kumi, nyumba ya mbao ya Majengo inaingia nzima kwenye alama moja na inabaki nafasi. Unaona kijiji kimeungua ao kambi imepanuka, hauoni mtu. Foto za kulipia zinafika sentimetre thelathini hivi, gari unalitambua, uso apana. Na mawingu yetu munayajua. Satelite za rada, kama Sentinel-1, zinapita kwenye wingu, na njo hizo zilizoonyesha mwaka 2021 jinsi udongo wa Goma ulivyokuwa unatanuka juu ya moto uliokuwa unatembea chini ya mji kuelekea ziwani, na tarehe 27 Mei asubuhi watu wakaamriwa kuhama kartie nyingi. Moto haukutoka tena. Wengine mpaka leo wanasema tulidanganywa, tulilala Sake bure. Mimi sikubaliani nao: uchambuzi ulisema hatari iko, haukusema lazima itatokea.

Kama watu kumi wamesema jambo moja, haitoshi?

Inategemea wameisikia wapi. Grupe kumi za WhatsApp zilizopokea sauti moja kutoka kwa mtu mmoja ni chanzo kimoja, si kumi.

Majeshi ya NATO yanatumiaka alama mbili tofauti: herufi A mpaka F kwa mtu anayeleta habari, namba 1 mpaka 6 kwa habari yenyewe. Wanazitenga makusudi. Mwongo anaweza kuleta habari ya kweli, na mtu mwaminifu kabisa, mchungaji wako, anaweza kuwa amedanganyika. Kwenye daftari yetu tunafanya vile vile, na imetuokoa, juu hapa mtu akishakuwa "wa kwetu" kila anachosema kinakuwa kweli, na akiwa wa upande ule kila anachosema ni uongo.

Kwa nini ripoti hazisemi wazi "ni hivi"? Kila mara "inaelekea", "kuna uwezekano".

Juu wanajaribu kuwa wakweli, lakini maneno yanawasaliti. Mwaka 1951 CIA iliandika kwamba kuna uwezekano wa kuchukuliwa kwa uzito kwamba Yugoslavia itavamiwa mwaka ule. Sherman Kent, aliyekuwa kati ya wakubwa wa ile kazi, akaulizwa maana yake ni nini, yeye kichwani alikuwa na 65 kwa 35 kwamba itavamiwa. Akaenda kuuliza wenzake waliokubali neno lile lile pamoja naye. Mmoja alikuwa na 80 kwa 20, mwingine 20 kwa 80. Meza moja, sentensi moja, na kila mtu na vita yake. Leo wachambuzi wa Marekani wana jedwali, "inaelekea" inamaanisha kati ya 55 na 80 kwa mia, "inaelekea sana" kati ya 80 na 95.

Sisi tunaandika namba pembeni. Kiswahili chetu ni kizuri, lakini "inawezekana" ya mama wa Birere na "inawezekana" ya avoka, yaani mwanasheria, si moja.

Sasa tufike penyewe. Kama kila kipande kiko wazi, jibu linakuwaje siri?

Hili njo swali ninalolipenda.

Kuna hadithi inayosimuliwa sana kwa wanaofundisha hii kazi. Mwaka ule ule wa 1951, Kent alitaka kujua Warusi wanaweza kujifunza kiasi gani juu ya jeshi la Marekani bila kuiba karatasi hata moja. Akaomba walimu wa historia wa chuo cha Yale wakae likizo yao wasome magazeti, vitabu na karatasi za Leta zilizo wazi, waandike jeshi liko na vikosi gani, meli gani, ndege gani. Wakarudi na lundo la kurasa. Wanasema CIA ilipima ikaona wamepatia karibu 90 kwa mia. Na kitu cha kwanza walichofanya na ripoti ile, iliyotengenezwa kwa magazeti tu, ni kuipiga muhuri wa siri na kuifungia.

Watu wanacheka wakisikia, mimi sichekaki. Mawe yalikuwa ya wote, ukuta haukuwa wa wote. Adui kabla ya ripoti ile alihitaji walimu, miezi na akili. Baada yake alihitaji kusoma tu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa kina uzito ambao haba moja moja haikuwa nao. Kwenye sheria yao wameiandika hivyo: amri ya rais wa Marekani namba 13526, iliyosainiwa 29 Desemba 2009, inasema mkusanyiko wa vitu ambavyo kila kimoja si siri unaweza kuwa siri, kama kuunganishwa kwao kunaonyesha uhusiano mpya wenye hauonekani kwenye kimoja kimoja.

Hiyo ni njia moja. Kuna zingine, na mara nyingi watu hawazifikirii. Kwanza swali lenyewe linaweza kuwa siri. Fikiri mkubwa wa jeshi anaomba wachambuzi wamtafutie urefu wa daraja fulani na kina cha mto chini yake. Majibu yako kwenye karte ya shule, lakini mtu akijua kwamba swali hilo limeulizwa, na limeulizwa wiki hii, ameshajua jeshi linataka kupita wapi. Tena kuna kuchanganya: mchambuzi ana aya tisa za magazeti na aya moja yenye ilitoka kwa mtu wao aliye ndani ya nyumba ya adui, basi karatasi nzima inabeba muhuri wa ile aya moja, kama tone la rangi kwenye ndoo ya maji. Kwa hiyo wanatakiwa kuandika alama mbele ya kila aya, ili mtu ajue zile tisa anaweza kuzitoa. Na wakati mwingine kinachofichwa ni njia: hawataki ujue kwamba wanafuatilia konti fulani, juu ukijua utaifunga na kesho hawaoni kitu.

Nani ana haki ya kupiga huo muhuri?

Si kila mtu mwenye biro. Kule Marekani ni rais, makamu wake, na wale waliopewa ruhusa kwa maandishi, na wanatakiwa waweze kueleza madhara: siri ya chini ni ile yenye ikitoka inaleta madhara, ya katikati madhara makubwa, ya juu madhara makubwa kupita kiasi. Wengine wote wanabebaka tu muhuri wa mwingine, ukinakili kitu cha siri kwenye karatasi yako, karatasi yako inakuwa siri, hata kama wewe hauna ruhusa ya kuanzisha siri yoyote. Ufaransa, wenye lugha yao tunaitumia kwenye biro, walikuwa na ngazi tatu, tangu Julai 2021 zimebaki mbili.

Kitu cha kushika ni kwamba ile amri ya Marekani inahusu habari iliyo ya serikali, iliyotengenezwa na serikali, ao iliyo mikononi mwake. Ukuta wenye umejenga wewe nyumbani kwako na mawe ya barabarani si wao wanaoupiga muhuri. Kwa kawaida.

"Kwa kawaida"? Ina maana wanaweza?

Kwenye bomu la atomu, walijaribu. Sheria yao ya nguvu ya atomu ya 1946, iliyoandikwa upya 1954, inafanya mambo fulani yawe siri tangu kuzaliwa, hata yakizaliwa kichwani mwa mtu ambaye hajawahi kuona karatasi ya serikali. Kati ya 1964 na 1967 maabara ya silaha za atomu ya Livermore iliweka vijana waliokuwa wamemaliza tu masomo ya fizikia, ikawaambia tengenezeni mpango wa bomu kwa vitabu vya wazi peke yake, ili kuona nchi ndogo inaweza ao haiwezi. Walichoandika wale vijana, hata kutoka kwenye vitabu vya maktaba, kilikuwa siri wino haujakauka. Na mwaka 1979 serikali ilikwenda mahakamani kuzuia gazeti la The Progressive lisitoe makala ya Howard Morland juu ya bomu la haidrojeni, yenye alisema ameikusanya kwa kusoma na kuuliza watu tu. Jaji alilizuia kwanza, lakini miezi michache baadaye wengine wakachapisha mambo yanayofanana, serikali ikaacha kesi, makala ikatoka.

Kwetu sisi hatari haiko hapo. Iko kwenye sheria ya mambo ya numeriki ya 13 Machi 2023, inayoadhibu mtu anayeanzisha ao kusambaza habari ya uongo juu ya mtu kwenye mitandao, na iko kwa mwenye bunduki ambaye hatakuuliza umesoma sheria gani. Uliza avoka kabla, si baadaye.

Kitu kikishavuja na kila mtu amekisoma, si kimeisha kuwa siri?

Kwa akili ya kawaida ndiyo, kwa sheria apana. Tovuti ya WikiLeaks ilipotoa zile barua za mabalozi wa Marekani mwaka 2010, wafanyakazi wa serikali waliambiwa wasizifungue bila ruhusa, wakati muuza unite za telefone wa hapa Birere angeweza kuzisoma kwenye telefone yake. Ile amri inasema wazi kuvuja peke yake hakuondoi muhuri. Kwa mchambuzi wa vyanzo wazi aliye nje ya serikali ni swali la dhamiri zaidi: ninaitumia, lakini kuna jina la mtu ndani anayeweza kuuawa?

Leta haiwezi kutumia siri kuficha aibu yake?

Inaweza, na inafanyika duniani kote, na hapa njo moyo wangu unachemka. Lakini angalia, hata Wamarekani wameandika kwamba ni marufuku kuweka kitu kwenye siri ili kuficha uvunjaji wa sheria, kosa la kazi, ao kuzuia mtu ama ofisi isiaibike. Wameandika pia kwamba baada ya miaka 25 siri nyingi zinafunguka zenyewe, isipokuwa zile zenye sababu maalum. Foto za satelite zao za kwanza za ujasusi, CORONA, zaidi ya laki nane zilizopigwa kati ya 1960 na 1972, zilifunguliwa kwa amri ya 1995, na leo wanazitumia watu wa misitu na wachimbaji wa miji ya kale.

Siri isiyo na tarehe ya mwisho na isiyo na mtu anayeitolea sababu, mimi siiheshimu.

Na wale wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wanaoandikaka juu ya Kivu, ripoti zao ni siri ao ni wazi?

Zote mbili. Grupe yao iliundwa 2004 na azimio 1533 la Baraza la Usalama. Ripoti inachapishwa na viambatisho vyake, mara nyingi na foto, karte na picha za satelite, ukizisoma unajifunza kazi kuliko darasani. Lakini viambatisho vingine vinabaki kwa kamati ya vikwazo ya Baraza peke yake, na mashahidi hawatajwi. Watu wanakasirika, "wanaficha nini?" Mara nyingi wanaficha mtu anayeishi bado kwenye kile kijiji.

Sisi raia wa kawaida, siri inatuhusu nini?

Nitasimulia kitu. Siku moja, wakati kambi za wakimbizi zilikuwa zimejaa pembeni ya mji, tulikuwa na vipande vitatu. Foto ya kwaya kwenye Facebook, nyuma yao tenki ya maji na hema zenye rangi fulani. Tangazo la shukrani la ugawaji wa unga, na siku yake. Na sauti kwenye grupe ya watu karibu mia mbili, mama mmoja anasimulia alichoona kwenye kijiji chake, anataja kwamba anaimba na kwamba amelala karibu na maji. Kila kimoja kiko wazi, hakuna aliyeiba. Dada mmoja wa grupe yetu, mwenye macho makali kuliko sisi wote, alikaa magaribi akaviunganisha, na haikufika saa moja tulikuwa tunajua mstari gani wa hema huyo mama analala. Alikuwa anafurahi, kazi imetoka vizuri. Halafu akanyamaza. Sote tukanyamaza. Ni kama tulikuwa tumemshika mkono mtu mbaya aliyekuwa anamtafuta huyo mama, tukamfikisha kwake.

Hatukuitoa. Tulifuta kila kitu, tukamfikia mama kupitia mtu wa kwao, tukaomba wenye kwaya waondoe foto na waliondoa siku ile ile.

Ni jambo lile lile lililowapata majeshi makubwa. Novemba 2017 kampuni ya Strava, yenye aplikesho ya kupima mbio, ilichapisha karte ya dunia nzima ya watu wanaokimbia mazoezi, bila jina la mtu hata mmoja, na Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia akaona kwamba katikati ya jangwa za Syria na Afghanistan kuna mistari inazunguka zunguka pahali pasipo na mji. Ilikuwa kambi za askari. Kila askari alikimbia peke yake, karte ikawakusanya.

Tangu siku ile ya kwaya tuko na ngazi zetu tatu, na hatukuhitaji ruhusa ya rais: "ya wote", "ya grupe", na "ya watu wawili". Hakuna anayeweza kuweka kitu kwenye "ya watu wawili" bila kuandika ni nani ataumia kikitoka na tarehe gani tutakiangalia upya. Tunapima jibu, si vipande, maana yake hata kama ulivyonavyo vyote viko Facebook, unapomaliza kuunganisha unasimama na kuuliza upya. Na kosa letu halifichwi hata siku moja. Tulishasema video fulani ni ya mwaka huu kumbe ilikuwa ya Novemba 2012, tulitoa masahihisho kwa grupe zile zile zilizopokea kosa, na iliuma, na wengine waliacha kutuamini.

Lakini haya yote yanafikisha wapi? Kuna aliyefungwa kwa foto?

Wako, na wengine walitolewa hati hata kama hawakufika kortini. Agosti 2017 mahakama ya kimataifa ya jinai ya La Haye ilitoa hati ya kumkamata Mahmoud al-Werfalli wa Libya, na sehemu kubwa ya ushahidi ilikuwa video zilizokuwa zimewekwa Facebook. Na karibu zaidi, ng'ambo ya ziwa letu: Septemba 2018 tribinali ya kijeshi kule Bukavu iliwahukumu makamanda wawili wa FDLR, kundi la waasi wa Kinyarwanda, kifungo cha maisha kwa mauaji ya Kamananga na Lumenje ya mwaka 2012, na kati ya ushahidi kulikuwa foto zilizopigwa na aplikesho ya eyeWitness, inayoandika saa na pahali na kulinda faili isiguswe tangu ilipopigwa mpaka mbele ya majaji. Watu wa Kalehe waliokuwa wanaambiwa "muna ushahidi gani?" walikuwa nao. Mwaka 2020 Umoja wa Mataifa na chuo cha Berkeley wakatoa mwongozo wa jinsi ya kukusanya ushahidi wa namna hii, na tunautumia kwenye mafunzo, tukiueleza kwa Kiswahili.

Niko na video sasa hivi kwenye telefone, niwatumie?

Usiitume bado. Kama wewe njo uliipiga, usiikate, usiiandike maneno juu. WhatsApp ukituma video kama video inapoteza tarehe na pahali vilivyo ndani ya faili, ukituma kama dokima (document) inabaki navyo, na hiyo inaweza kusaidia mahakamani lakini inaweza pia kuonyesha nyumba yako, kwa hiyo ni lazima uchague ukijua. Andika kwenye karatasi ulikuwa wapi, saa ngapi, nani mwingine aliona, kisha karatasi ile usitembee nayo, hasa kama kuna barieri njiani. Kama ni ya kutumiwa, andika nani alikutumia na saa gani, usimtaje kwa mtu mwingine. Usirudi pale kupiga ingine nzuri zaidi, hata sisi tukikuomba. Na kama uso wa mtoto unaonekana, usiiweke kwa grupe yoyote, tungoje, tutakuja kuonana uso kwa uso.